Joto la Kanda kwa Bei Tatu

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo, umewahi kumwona mtu mwenye akili zake timamu, shati limepigwa pasi na saa iko mkononi, akitoa pesa zake mfukoni ili auziwe uchafu?

Msasa aliwaona wawili siku moja, tena bila kuwatafuta. Alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili unangoja zamu, kitambaa shingoni kimebanwa kwa kibanio cha kuanikia nguo, cha rangi ya waridi. Nyuma yake, kwenye benchi, vijana wawili wa studio za muziki walikuwa wanabishana. Msasa hakugeuka. Aliwatazama kwenye kioo, na kwa mtu wa kazi yake kioo kinatosha.

Kazi yake ilikuwa maneno. Jina alilopewa na wazazi lilishachakaa, likabaki hilo la Msasa, kwa sababu jambo lolote lenye mikwaruzo ukimpelekea alilipitishia ulimi mara mbili tatu, likawa laini mpaka linang'aa, nawe ukaondoka umefurahi. Ulipofika nyumbani ndipo ungegundua kwamba kilichopungua unene ni pochi yako. Aliwahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliipenda sana. Aliwahi kuandikisha watu chuo cha udereva ambacho gari lake lilikuwa picha ukutani, lakini picha nzuri, imewekewa fremu.

Pamoja na hayo hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye, ila kwa kasoro moja: hakuweza kumwacha mwenzake amalize sentensi.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mama yake alifariki binti bado mdogo, na Msasa akamlea peke yake, akamsuka nywele mwenyewe kila Jumamosi, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, binti ametulia katikati ya magoti yake akisikiliza hadithi zisizokwisha. Sasa ni mtu mzima, amepanga upande wa pili wa mji, na simu ya baba kila Jumapili anaipokea. Pesa ya baba haipokei. "Nikiichukua itabidi niulize ni ya nani," alimwambia mara moja tu, kwa upole, na upole huo ulimchoma Msasa kuliko tusi. Tangu siku hiyo kilichokuwa kikimnyima raha kilikuwa kimoja: apate ofisi. Ofisi yenye mlango na kibao, binti yake aje amkute amekaa nyuma ya meza, na akitoka nje amwambie mtu yeyote, hata mpita njia, kwamba yule ni baba yangu.

Kazi ya binti mwenyewe aliijua nusu. Binti alipomwelezea kwenye simu, Msasa alikuwa anazungumza. Alichodaka ni "sauti" na "kutengeneza", basi akawaambia majirani kwamba mwanawe ni fundi wa spika.

Turudi kwa kinyozi. Zamani, kama unakumbuka, nyimbo zilirekodiwa kwenye kanda, ule utepe mwembamba wa kahawia unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Kanda ilikuwa na tabia zake. Iliviringisha ncha kali za sauti, iliinenepesha besi, na nyuma ya wimbo iliacha mchirizo fulani, shhh, kama mtu anakaanga kitu chumba cha tatu. Mafundi wa enzi zile walizeeka wakipigana na mchirizo huo. Kompyuta zikaja, sauti ikatoka safi kama sahani ya dukani, na watu badala ya kushukuru wakaanza kuona baridi. Wakataka ule uchafu urudi. Ndipo wajuzi wakatengeneza plagini, yaani vijiprogramu vinavyobandikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, kazi yake kuiga kanda. Yaani kuirudisha ile taabu, kwa malipo.

"Mimi natumia ile ya kulipia kila mwezi," alisema kijana mwenye kofia. "Ina joto, bwana. Ukiiweka kwenye ngoma unasikia mpaka jasho la mpigaji."

"Kulipia kila mwezi ni kupanga chumba," mwenzake akamjibu. "Mimi nataka ya kununua moja kwa moja. Nangoja punguzo. Wameandika leo ndiyo siku ya mwisho."

"Si hata wiki iliyopita ilikuwa siku ya mwisho?"

"Ndiyo maana sina haraka."

Kinyozi, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza kama haipo ya bure. Vijana wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza mlango wa hospitali ya vichaa.

"Ya bure ipo," alisema mwenye kofia. "Lakini ya bure ni ya sikio la bure."

Mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma sentimita chache kutoka sikio la Msasa, lakini neno hilo lilipenya. Sikio la bure. Hawa hawaogopi sauti mbovu, aliwaza. Wanaogopa kuonekana wana masikio mabovu. Na mtu anayeona aibu kusema hajasikia kitu, huyo yuko tayari kusikia chochote utakachomwambia. Kinyozi alipomaliza upande wa pili, biashara ilikuwa imeshafunguliwa kichwani, imebaki kuitafutia chumba.

Chumba alikipata ghorofani, juu ya duka la fundi viatu, kinanukia gundi kidogo lakini kina mlango na kufuli lake. Alibandika trei za mayai ukutani, akatundika pazia la kitanda chake mwenyewe, akaweka meza, kompyuta, hedifoni kubwa zenye mito, na viti viwili: kizuri cha mteja, kibovu chake. Bidhaa aliipata siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa mbali alikuwa ametengeneza plagini nzuri ya kanda akaiweka mtandaoni, kila mtu ajichukulie, na akaomba kitu kimoja tu, kwamba mwenye kuichukua amwandikie asante. Msasa aliichukua. Asante hakuandika.

Halafu akamtafuta mchora mabango, ambaye siku hizi huchora na kompyuta pia, akamwagiza aitengenezee nyuso tatu. Ya kwanza ya kijivu, ina vitufe viwili, sura ya unyonge. Ya pili ya mbao, imepakwa vanishi. Ya tatu ilikuwa na nakshi za dhahabu, magurudumu mawili yanayozunguka polepole, na mshale unaocheza ndani ya kidirisha cha njano. Mshale ulicheza hata wimbo ukiwa umezimwa, lakini hilo nani angelichunguza. Ndani zote zilikuwa kitu kimoja, tofauti ni kwamba ya pili Msasa aliipandisha sauti kiasi cha nywele, na ya tatu kiasi cha nywele mbili, maana alishagundua kwamba binadamu ukimwongezea sauti kidogo anadhani umemwongezea utamu. Bei akaziweka hivi: ya kwanza bei ya mwavuli, ya pili bei ya pasi ya umeme, na ya tatu bei ya friji la milango miwili.

Namna ya kuuza ilikuwa ibada kabisa. Mteja anakalishwa, anavishwa hedifoni, anachezewa wimbo kwa plagini ya kwanza, Msasa anatazama dirishani. Kwa ya pili anatikisa kichwa kidogo. Kwa ya tatu anafumba macho, anashika kifua, anashusha pumzi. Kisha anauliza kwa sauti ndogo, "Umesikia?" Hapakutokea hata mmoja aliyejibu hapana.

Kasoro iliingia kwenye kibao. Msasa aliagiza kiandikwe JOTO LA KANDA, HULAINISHA SAUTI, BEI TATU, na mchora mabango, aliyependa herufi nene, ubao ukamwishia. Akaona neno moja likipungua haliharibu kitu. Basi pale chini, ngazi zinapoanzia, kikatundikwa kibao kizuri cha nyekundu na manjano: JOTO LA KANDA. HULAINISHA. BEI TATU.

Wa kwanza kupanda alikuwa mwalimu wa jiografia, aliyetaka kujua kama ni semina ya hali ya hewa. Wa pili alikuwa mama mmoja mnene, muuza vitenge, aliyepanda ngazi kwa ubavu akishikilia ukuta, akaketi kwenye kiti kizuri, akapandisha gauni mpaka gotini na kusema ni hili la kushoto, mwanangu, ukikanda usilibonyeze sana.

Mtu mwingine angemweleza kwamba kanda hii si ya kukandwa. Msasa alikuwa hajawahi kumrudisha mteja. Akamvisha hedifoni, akamwekea gitaa la polepole, na kumwambia kwamba joto la hapa linaingilia masikioni na kushuka lenyewe kunakouma. Yule mama akafumba macho. Akasinzia kidogo. Alipoamka aliukunja mguu na kuukunjua, akatangaza kwamba limepungua, akalipa bei ya mwavuli na kwenda kumleta shoga yake mwenye nyonga.

Basi biashara ikawa hivyo, nusu ya wateja masikio, nusu magoti, na Msasa akastaajabu kuona kwamba wote, masikio na magoti, waliisifu ile ya tatu.

Siku moja akaingia mzee mfupi, mpana, kichwa kimekaa upande kama mtu anayesikiliza ukutani. Watu wa muziki walimwita Bosi Besi. Msasa hakumjua. Aliona shingo, akasema moyoni hili ni goti jingine.

"Wewe ndiye unayekanda?" mzee aliuliza bila kuketi.

"Ndiye mimi, mzee wangu. Karibu kiti."

"Unaanzia wapi?"

"Kwa kawaida naanzia chini, kwenye besi. Chini pakishiba, ndipo napanda taratibu mpaka juu kwenye ukali."

"Usinipandie taratibu. Ukali wangu uko hapa," akajishika shingo. "Nimelala juu ya meza ya kuchanganyia sauti, nimeamka hivi."

Msasa akasimamisha mkono uliokuwa unanyanyua hedifoni. "Meza ya kuchanganyia sauti? Kumbe mzee wangu una studio."

"Ninayo. Na fundi ninaye, na kila mwisho wa mwezi fundi anataka mshahara, na hilo ndilo linaloniuma kuliko shingo."

Hapo Msasa akamvuta kiti karibu. Alimwonyesha ya kwanza, akaikebehi. Alimwonyesha ya pili, akasema inafaa kwa wanaoanza. Kwa ya tatu alinyamaza kwanza, ili magurudumu ya dhahabu yazunguke peke yake, kisha akaanza kumwaga sera: jinsi inavyolainisha, inavyogandisha ala zote pamoja kama gundi, inavyotia joto. Na mwishoni, kama mpishi anayerushia chumvi bila kupima, akaongeza: "Tena ukiwa na hii, fundi ni wa nini?"

Macho ya Bosi Besi yakawaka. Huyu ni mtu ambaye studioni kwake alibandika tangazo la kuzima taa hata kwenye chumba kisicho na taa. Akauliza kama kuna mwingine mjini anayo. Msasa akasema yupo anayekuja kesho. Mzee akadai auziwe yeye tu na mwingine asipewe kabisa, Msasa akakubali kwa uchungu mkubwa na kwa nyongeza kidogo, na pesa ya friji la milango miwili ikahama mfuko. Wakati wa kuaga Bosi Besi aligeuza shingo kuitazama tena kompyuta, bila kukumbuka kwamba shingo hiyo ilikuwa haigeuki.

Jumapili Msasa alipiga simu akiwa ameketi ofisini, kwenye kiti kizuri, miguu juu ya meza. Alimweleza binti yake habari za mlango. Alimweleza habari za kibao, za zulia analotaka kununua, za wateja wanaopanda wakiwa vilema na kushuka wakitembea, jambo ambalo alilipitia harakaharaka. Akamwambia lazima aje, siku yoyote, hata siku ya kazi aombe ruhusa. Alipopumzika kuvuta pumzi, binti akasema kwamba ruhusa haina haja, maana ameshaachishwa kazi. Ijumaa hii inayokuja ndiyo siku yake ya mwisho.

Msasa akashusha miguu. Akauliza nani amemwachisha na kwa lipi.

"Bosi amenunua plagini ya kanda," alisema binti. "Ina magurudumu ya dhahabu. Aliyemuuzia amemwambia ukiwa nayo hii, fundi ni wa nini."

Msasa alitazama kile kiti cha mteja alichokikalia, akainuka haraka kana kwamba kimemuunguza.

"Kwani wewe si unatengeneza spika?" akauliza.



"Mimi nachanganya nyimbo, Baba. Nilikwambia nilipoanza kazi. Nikakwambia tena nilipopandishwa cheo."

Msasa alitafuta neno la kulainisha, akakosa hata moja, jambo ambalo halijawahi kumfika. Mwishowe akauliza kama anamjua huyo aliyemuuzia bosi wake. Binti akasema hapana, hamjui kabisa, na alilisema kwa sauti kavu kiasi kwamba msikilizaji mwingine yeyote angeshtuka. Lakini huyu alikuwa Msasa.

Kesho yake asubuhi alikuwa studioni kwa Bosi Besi. Alipitia korido yenye matangazo ya kuzima taa, akasukuma mlango mzito uliopigiliwa zulia, akaingia chumba chenye meza pana ya vitufe na sofa ambayo bado imevaa nailoni ya dukani. Mbele ya meza palikuwa na kioo kikubwa, na nyuma ya kioo chumba cha waimbaji, giza tupu. Bosi Besi alikuwa peke yake, shingo imenyooka, anautazama mshale ukicheza. Fundi, alisema, ametoka kununua waya.

"Bosi," alianza Msasa, "nimekuja kukwambia ukweli."

"Kaa. Ukweli wa bei gani?"

"Ile plagini ni ya bure. Imetengenezwa na kijana wa mbali, mimi nimeipaka rangi tu."

Bosi Besi akacheka mpaka sofa ikalia. Alimwambia anaifahamu mbinu hiyo, kwamba amepatikana mteja mwenye dau kubwa zaidi na sasa muuzaji anataka kurudishiwa mali. Msasa akafungua simu yake, akamwonyesha ile ya bure, jina la mtengenezaji na kila kitu. Mzee akaisogeza karibu na macho, akasikitika, akasema hao wamemwiga na kwamba yeye angekuwa Msasa angeshawashtaki. Msasa akaomba wasikilize zote mbili, moja baada ya nyingine. Akacheza. Mzee akafumba macho na kusema hii ya kwanza ina baridi, hii ya pili ndiyo yangu, nasikia joto mpaka kwenye soksi. Msasa alikuwa amecheza ileile mara mbili.

"Ya dhahabu nimeipandisha sauti tu, mzee wangu. Kiasi cha nywele mbili."

"Basi ndiyo maana ni ghali."

Msasa akajifuta uso. Maisha yake yote alikuwa hajauza ukweli hata siku moja, na siku alipouleta sokoni akakuta hauna mnunuzi. Alikuwa anaongea na ukuta, na kila tofali la ukuta huo alilipanga yeye, akalipiga na lipu.

Ikabaki njia moja, ainunue. Bosi Besi, ambaye kwa kununua alikuwa mzito lakini kwa kuuza alikuwa mwepesi kama paka, alisema pesa ya friji haitoshi, kwa kuwa shingo yake imeshaizoea bidhaa. Akataka friji na jiko lake. Walivutana. Msasa alitaja umaskini, mzee akataja shingo. Mwishowe Msasa akaitoa pesa yote ya ile ya dhahabu, akaongeza pesa ya masikio na ya magoti, akaongeza na kodi ya ofisi aliyokuwa ameitenga, akaziweka juu ya meza ya vitufe. Kibao, mlango, zulia ambalo bado halijanunuliwa, vyote vilikuwa pale mezani, na mzee akavifagia kwa kiganja kuviingiza kwenye droo.

"Na fundi wako abaki kazini," alisema Msasa.

"Fundi anaingiaje? Umenunua plagini, hujanunua fundi. Fundi ni bei yake."

Msasa alikuwa amebaki na nauli. Ulimi, kwa mazoea, ukaanza kumletea bidhaa: amwambie fundi huyo ni mpwa wa mkubwa fulani, amwambie fundi akiondoka studio itaingia nuksi, amwambie yeye Msasa ni mkaguzi wa ajira. Tatu nzuri, zimejipanga mdomoni, kila moja ingeweza kufika. Akazitazama zote. Akazimeza.

"Ni mwanangu," alisema. "Nimemlea mwenyewe. Na nilikuwa sijui anafanya kazi gani."

Bosi Besi hakucheka safari hii. Aliinamia kipaza sauti kidogo kilichochomoza mezani, akabonyeza kitufe.

"Umemsikia, Fundi?"

Nyuma ya kioo taa ikawaka. Binti alikuwa amesimama katikati ya vyuma vya maikrofoni, mikono amekunja, amevaa hedifoni.

"Nimemsikia, Bosi," sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili za ukutani. "Tangu alipoingia."

Macho yalimtoka Msasa pima. Ilibidi aketi, na nailoni ya sofa ikalia kwa niaba yake.

Bosi Besi ndiye aliyemweleza, na alieleza kwa raha. Siku ileile aliyoinunua plagini alirudi nayo mbio kumtambia fundi wake. Fundi akaifungua, akasikiliza mara moja, akasema Bosi, hii ni ya bure, umeongezewa sauti tu. Shingo ikarudi upande papo hapo, na asubuhi hii aliinyoosha kwa kujikaza tu. Fundi alipomuuliza aliyekuuzia yukoje, Bosi alisema ni mtu wa mashati safi, anamwita kila mtu mzee wangu, na hakuniacha nimalize sentensi hata moja. Fundi akaketi chini, maana hapo alishamtambua baba yake. Bosi alitaka kwenda polisi asubuhi yake. Fundi akamwomba asiende, ampe muda mpaka Ijumaa, na akamwahidi kwamba mwenye mali atakuja kwa miguu yake mwenyewe kuinunua, tena kwa faida. Habari ya kufukuzwa kazi waliitunga wote wawili, palepale kwenye sofa. Hakuna aliyefukuzwa.

"Fundi kama huyu nitamfukuzaje?" alisema Bosi Besi akifunga droo na kutia ufunguo mfukoni. "Amenirudishia friji, na jiko juu." Jiko hilo, alieleza, atalitumia kumlipa mkandaji wa kweli, mwenye mafuta na mikono, kwa sababu yale maumivu ya shingo tangu ajue bei halisi ya dawa yake yamekuwa hayasemeki. Akatoka, kichwa upande, na mlangoni akawakumbusha wazime taa.

Binti akaja upande huu wa kioo. Baba mtu alikuwa amefilisika, ofisi hana, jina lake liko uchi mbele ya mwanawe, na la ajabu ni kwamba usoni mwake palikuwa na kitu kama fahari. Akaanza mara moja. Alimsifu kwa ile simu ya Jumapili, jinsi alivyosema hamjui kabisa, akasema ustadi ule hata yeye katika ujana wake hakuwa nao. Alisema wakiungana baba na binti mji huu utakuwa mdogo. Alipoona uso wa binti akageuza njia, akasema hapana, ameacha, ameacha kuanzia leo, atatafuta kazi ya halali, atauza mwavuli wa kweli na pasi ya kweli. Alisema amekosa, alisema atalipa. Alisema yale magoti yalipona kweli, amuulize yule mama wa vitenge. Akamtaka aseme anachotaka, chochote, na kabla hajajibiwa akaanza kumkisia: viatu, kitanda kipya, friji, la, friji ataliombea muda.

Binti hakumkatiza. Alisimama tu, mkono umeegemea meza, akangoja, mpaka maneno yakaanza kutoka kwa mafungu madogo, kisha moja moja, kisha pumzi ikamwishia na chumba kikanyamaza, ule unyamavu mnene wa chumba kilichovishwa zulia kuta zote, ambamo mtu husikia tumbo lake mwenyewe.

Akavuta kiti cha magurudumu, akakiweka katikati, mbele ya spika mbili, akakifuta kwa kiganja.

"Nilitaka usikilize, Baba," alisema. "Tangu wimbo wa kwanza niliouchanganya. Nilitaka uje ukae hapa, mimi nibonyeze, na wewe unyamaze mpaka uishe."